Theluji Isiyoanguka

Nyumbu wa chuma alikuwa amefungiwa kwenye banda la mafuta ya taa, na mlangoni kasimamishwa askari mwenye bunduki, utadhani angetoroka. Inspekta Deldan Morup wa polisi wa Ladakh, kaskazini mwa India, alimzunguka taratibu bila kumgusa. Alikuwa na miguu minne yenye kwato za mpira na mgongo bapa wa mizigo. Pale ambapo mnyama angekuwa na kichwa palikuwa na kisanduku chenye jicho moja la kioo. Morup alitafuta damu, hakuiona. Marehemu Chosphel hakuvuja damu pale juu njiani. Alifia chini, mtoni.

"Salaam aleikum," Konstebo Haidar akamwambia nyumbu. Hakujibiwa. "Ana kiburi huyu, afande. Amewatoa watu kazini na salamu haitiki."

Morup hakucheka. Alikuwa ameona mwanzo wa kesi wa kila aina, lakini kesi hii ilimkaa vibaya tangu alipoingia getini. Kila mtu pale kambini alikuwa na jibu tayari, na jibu lenyewe lilikuwa mtu mmoja, tena mdogo kwa cheo kuliko wote.

Meja Bhandari, mkuu wa kambi, aliwapokea ofisini kwake karibu na jiko la bukhari lililokuwa likivuma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye wakubwa huko Leh waliokuwa wakimpigia simu tangu msiba utokee, wakitaka jina. Alieleza mambo kwa mpangilio, na Morup akamwacha amalize.

Chosphel, mpagazi wa kijiji cha Tarmik, alikabidhiwa nyumbu asubuhi ile kwa mara ya kwanza, ampeleke na madumu ya mafuta hadi kituo cha juu mpakani. Kazi yake ilikuwa nyepesi: atembee mbele na kidude cha redio kiunoni, nyumbu amfuate. Kwa kawaida nyumbu hutumia jicho lake kuona njia, na mtu aliye mbele akisimama, naye husimama. Lakini theluji ikianguka, jicho likaona weupe mtupu, mashine huacha kuliamini. Hufuata redio peke yake, tena kwa karibu, isije ikampoteza kiongozi wake. Kumbukumbu za mashine zilionyesha kwamba asubuhi ile nyumbu alikuwa kwenye hali ya theluji. Pale kwenye ukingo wa njia, juu ya mto, Chosphel aliposimama, nyumbu hakusimama. Akamsukuma.

"Siku hiyo uliona theluji, Inspekta?"

"Sikuona. Jua lilikuwa kali mpaka jioni."

"Wachungaji wote wanasema hivyohivyo. Basi mashine haikuona theluji. Kuna mtu aliiweka kwenye hali hiyo kwa mkono, akasahau kuirudisha. Na kompyuta ya kuiongozea anayo mtu mmoja tu." Meja alikohoa. "Helikopta inakuja kesho asubuhi. Koplo Murugesan anaondoka nayo kwa pingu. Mahakama ya kijeshi itajua la kumfanya."

Morup aliomba siku hiyo iliyobaki. Meja akampa, kwa namna ya mtu anayempa mgeni chai ambayo haitampunguzia kitu.

Koplo Murugesan walimkuta kwenye ghala la vipuri, ameketi juu ya kreti, amejifunika mablanketi na bado anatetemeka. Alikuwa ametoka Madurai, huko ambako watu hulalamikia joto. Sahani ya wali na dengu ilikuwa mbele yake, imeganda mafuta. Morup alivuta kreti nyingine akakaa karibu, akamwuliza mambo madogo madogo kwanza: nani anachaji betri, nani anashika ufunguo, nani anaruhusiwa kugusa kompyuta. Kila swali lilizidi kumkaba koplo mwenyewe, na Murugesan aliyajibu yote bila kuficha.

"Kwa hiyo ni wewe tu," Morup akasema.

"Ni mimi tu, afande."

"Na uliiweka kwenye hali ya theluji?"

"Sikuiweka. Niliiacha hali ya kawaida. Nikalifuta jicho kwa kitambaa cha miwani yangu, kama kila siku. Hiyo naapa."

"Wenzako wanasema uliwahi kusahau."

"Niliwahi kusahau kuchaji. Nilikemewa, sikusahau tena." Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Afande, Chosphel alikuwa rafiki yangu. Mimi hapa sina mwingine wa kucheka naye. Nani ataniamini nikisema hivyo?"

Morup alimwuliza kama aliifuatilia safari kwenye kompyuta. Murugesan akasema aliifuatilia hadi kijijini tu, maana ukikipita kijiji milima inakata mawasiliano. Akasita kidogo, kisha akaongeza kwamba kabla hayajakatika, picha iliingia weupe. Alidhani ni mawimbi yanakufa kama ilivyo kawaida yake, akaenda kunywa chai. Kuhusu ile chai alilia kweli, mabega yakimtikisika, na Haidar akageuka kutazama rafu za vipuri.

"Weupe ulianzia wapi hasa?" Morup aliuliza.

"Mwanzoni mwa kijiji. Karibu na nyumba za kwanza."

Huko nje Haidar alisema kwamba kama ni kuaminika, yeye angemwamini, lakini kuaminika hakufungui pingu. Isitoshe, alikuwa na mtu wake. Hotelini barabarani alikuwa amesikia kwamba mzee Namgail, mwenye nyumbu wa kweli, aliapa mbele za watu kuwa siku moja atalisukuma lile lichuma mtoni. Jeshi liliwaachisha nyumbu wake kazi mashine zilipofika. Tena ndiye aliyefika wa kwanza pale Chosphel alipoanguka, kabla hata ya askari.

"Mtu ana sababu, ana mdomo, na alikuwepo," Haidar akasema. "Unataka nini tena, afande?"

Morup alitaka kumwona.

Mzee Namgail alikuwa zizini akimchana nyumbu jike mwenye macho mekundu kwa uzee. Hakushtuka kuwaona polisi. Aliendelea kuchana.

"Wanasema uliapa kulisukuma mtoni, azhang-le," Morup akaanza, akimwita mjomba kwa heshima kama kila mtu pale bondeni.

"Niliapa. Na leo naapa tena, niandikie. Wangu huyu ukisimama anasimama. Ukilia analala chini akungoje. Lile ukisimama linakuua. Sasa nani mnyama hapo?"

"Kwa nini ulikuwa kule juu asubuhi ile?"

"Kutafuta kuni za samadi. Au hilo nalo jeshi limeshalipiga marufuku?"

"Basi twende ukanionyeshe."

Walipanda pamoja, Namgail mbele licha ya umri wake, Haidar nyuma akihema na kuwalaani waliomleta duniani mahali pa juu namna hii. Njia ilikuwa imechongwa ubavuni mwa mlima, upana wa mtu na mzigo wake. Juu ya kona palikuwa na lhato, lile rundo la mawe la miungu wa mlima lenye pembe za mbuzi mwitu, bendera zilizochanika na khatak za wasafiri, vile vitambaa vyeupe vya hariri ambavyo hakuna safari wala harusi inayoanza bila hivyo. Hapo kila mpagazi husimama, huinama, huweka jiwe. Jiwe la Chosphel, Morup hangeweza kulijua kati ya mengine.

Alichuchumaa pale ambapo mtu angechuchumaa. Mgongo ulikuwa njiani na uso kwenye mawe, na hatua moja kushoto palikuwa hakuna kitu. Mtu aliye katika hali hiyo hahitaji kusukumwa kwa nguvu. Morup alisimama haraka kuliko alivyokusudia.

"Ulipofika uliona nini? Usinirukishe hata kidogo."

Namgail akaeleza. Aliliona lile lichuma limesimama ukingoni, linakanyagakanyaga palepale, kama linataka kwenda mbele na halina pa kwenda. Kidude cha redio kilikuwa chini huko kiunoni mwa marehemu, bado kikiliita. Akaita jina la Chosphel, hakujibiwa. Akachungulia, akaona. Halafu akalifungua khatak yake, akateremka kuwaambia askari.

"Ukalifungua nini?"

"Khatak. Lilikuwa limevaa khatak kichwani. Niliifunga hapo kwenye lhato. Ningeiacha askari waje waikanyage na mabuti?"

"Na hukumwambia mtu?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Niwaambie nini? Kila lori jipya bonde hili lina khatak kwenye kioo. Mtu akikuambia lori limeanguka, wewe unauliza kama lilikuwa na khatak?"

Hilo lilikuwa sahihi, na ndiyo maana Meja, Haidar na Morup mwenyewe wasingeuliza kamwe. Aliomba aonyeshwe. Khatak ilikuwa imefungwa kwenye pembe, mpya kuliko zote, bado na mikunjo ya kukaa sandukuni. Ncha yake moja ilikuwa imechanika, na katikati ilikuwa na alama ya grisi ya kijivu, pembe nne, saizi ya kile kisanduku cha kichwa cha nyumbu. Morup alimwomba mzee ruhusa ya kuifungua. Mzee akaifungua mwenyewe, maana hakutaka mkono wa polisi uguse lhato.

Morup aliiweka machoni pake akageukia bondeni. Alitegemea giza. Badala yake mlima ulipotea, mto ukapotea, na mahali pake pakawa weupe mwororo, unaong'aa kwa jua, unaocheza kidogo kwa upepo. Alikaa hivyo kwa muda. Kitambaa kizito kingelifumba lile jicho, na mashine iliyofumbwa macho husimama. Kitambaa hiki kililionyesha kitu linachokifahamu.

"Afande?" Haidar alimshika kiwiko, kwa hofu ya ukingo. "Unaona nini?"

"Theluji," Morup akasema.

Walimtoa nyumbu uani mchana huohuo, jua likiwa bado juu ya ukuta wa kambi. Murugesan aliletwa katikati ya askari wawili, akapewa kompyuta yake mikononi. Morup aliifunga khatak juu ya kisanduku, akifuata alama ya grisi mpaka ikakaa sawasawa, kisha akampa Haidar kidude cha redio na kumwambia atembee. Nyumbu akamfuata. Meja alisimama nyuma ya Murugesan akiangalia skrini. Nyumbu hakuwa ameumaliza ua, yale maandishi yakatokea yenyewe: THELUJI. Hakuna aliyegusa kitu.

Morup akampigia Haidar kelele asimame na akae pembeni ya ukuta. Haidar akasimama, akaruka pembeni, na nyumbu akaja kugonga ukuta pale alipokuwa, akagonga tena, akikitafuta kidude cha redio. Murugesan alimwambia mpishi mmoja aliyekuwa karibu, kwa sauti ndogo sana, kwamba alikuwa amelifuta jicho, alilifuta. Mpishi akamshika bega.

Meja Bhandari alivua kofia, akaivaa tena. Ofisini alisema ameridhika yeye binafsi, lakini yeye si mahakama. Leh watauliza nani alikifunga hicho kitambaa. Wakikosa mtu, watasema polisi wa hapa na mwenye nyumbu wa hapa wametunga kitambaa kumwokoa rafiki wa marehemu na kuichafua mashine.

"Niletee aliyekifunga," akasema. "Aseme kwa mdomo wake, aweke alama yake, kabla ya helikopta. Nikipata hiyo, Murugesan anabaki hapa. Nisipopata, mikono yangu imefungwa."

Morup hakuhitaji kumtafuta. Alishamjua tangu pale kwenye lhato, na njia nzima ya kuteremka alikuwa akitamani awe amekosea. Weupe ulianzia kwenye nyumba za kwanza za kijiji. Nyumba ya kwanza kabisa ilikuwa ya Chosphel, na ndani yake alikuwa amebaki mtu mmoja.

Njiani Haidar alipunguza mwendo. "Afande, tumwulize tu kama alifunga khatak. Aseme ndiyo, aweke dole gumba, tuondoke. Ya nini ajue? Kusoma kwenyewe hasomi."

"Na Leh wakimwita? Akaambiwa huko kwa Kihindi, na karani asiyemjua, mbele ya watu?"

"Huenda wasimwite."

"Huenda," Morup akasema. Wazo lile lilikuwa zuri na alilipenda, na alijua kwamba jioni ile lingemfaa yeye kuliko mama yule.

Watawa walikuwa wameshaondoka na majirani walikuwa wakiosha masufuria ya msiba kwenye mfereji. Ama Yangdol, mama yake Chosphel, alikuwa jikoni peke yake, mbele ya jiko, na bakuli la mwanawe lilikuwa bado kwenye rafu na mengine. Aliwakaribisha kwenye zulia, akawamiminia chai ya siagi. Morup alikunywa kidogo, naye akajaza. Hakuna mwenyeji anayeacha kikombe cha mgeni pungufu, hata msibani. Uso wake ulikuwa mkavu. Alikuwa amelia hadi akafika mahali pasipo na kilio.

Morup alimwuliza kuhusu asubuhi ile, naye akaeleza kwa hiari. Ilionekana hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mwanawe alipitia nyumbani kunywa chai, akaliacha lile lidude nje, kuku wote wakakimbilia paa la jirani. Yeye alitoka kulitazama, akaliogopa. Chosphel akacheka, akamwambia ni nyumbu tu, mama, tena halipigi teke.

"Nikaona mwanangu anaanza kazi mpya," akasema. "Nikaenda sandukuni. Nilikuwa na khatak moja, imeombewa na rinpoche mwenyewe, mkuu wa watawa. Nilikuwa nimemwekea siku ya kuoa."

"Ukaifunga wapi, ama-le?" Morup akauliza, akimwita mama kwa heshima.

"Kichwani. Shingo lilikuwa halina. Ningefunga wapi?"

Haidar aliinamisha kichwa juu ya kikombe chake.

"Na Chosphel alisema nini?"

"Alisema, mama, umelifunika jicho. Nikamwambia hariri hiyo, haifuniki. Akapiga hatua mbili tatu huko nje, likamfuata vizuri tu. Akasema basi linaona." Alichukua birika, akakuta vikombe vyote vimejaa, akalirudisha. "Alikuwa hapendi kunivunja moyo. Kwa nini unaniuliza khatak yangu, Inspekta?"

Hapo ndipo Morup angeweza kusema ni utaratibu tu. Neno lilikuwa mdomoni. Alimtazama mama yule, akaona kwamba ameshaacha kumtazama yeye. Alikuwa akitazama mlango, pale nje ambapo nyumbu alikuwa amesimama asubuhi ile.

"Halikuona?" aliuliza.

"Halikuona, ama-le."

"Lilidhani nini?"

"Lilidhani theluji inaanguka."

Moto wa samadi ulikuwa umefifia na hakuna aliyeuchochea. Morup alikuwa amewahi kuwapasha watu habari za vifo, za wizi, za aibu, lakini si habari kama hii. Alitaka kumwambia kwamba wa kulaumiwa hapo ni mashine iliyotengenezwa na watu wasiojua khatak ni nini. Alimwambia. Lilikuwa kweli, na halikumsaidia mama kitu.

"Yule kijana wa kusini," hatimaye akasema Ama Yangdol. "Alikuja hapa akalia mpaka nikambembeleza mimi. Wanasema anafungwa."

"Kesho asubuhi. Isipokuwa useme uliyoniambia, mbele yetu, na uweke alama yako."

"Ana mama?"

"Anaye."

Akajipangusa mikono yote miwili kwenye gauni lake, kama mtu anayejiandaa kukanda unga.

"Basi andika."

Morup akafungua karatasi gotini. Aliandika jina la kijiji na tarehe, akafika palipotakiwa jina la shahidi, akaanza kuandika mjane wa fulani, kama wanavyoandikwa. Mama akauliza ameandika nini. Akamsomea.

"Hapana," akasema. "Andika Yangdol, mama yake Chosphel. Halafu andika kwamba mimi ndiye niliyeifunga, hakuna mwingine, na fundo nilikaza mwenyewe ili isidondoke njiani."

Akaandika hivyohivyo, neno kwa neno. Haidar alifungua kidau cha wino akakisogeza. Mama aliuliza jina lake liko wapi, ikabidi Morup amshike mkono na kulielekeza dole gumba.